Maji ya Kumwonyesha Firdaus

Mama mkwe wangu Syokimau hajawahi kumwacha mgeni aondoke kwake na huzuni, na tabia hiyo hiyo, inayosifiwa hata kanisani, ndiyo iliyokikausha koo kijiji kizima. Nasema hivi nikiwa bado na hasira. Anayetaka kusimuliwa kwa upole awaulize wengine.

Mgeni mwenyewe alikuwa Firdaus, binti wa mwenye duka la vitambaa pale Machakos mjini. Alisomea mambo ya miamba na maji ya chini ya ardhi huko chuo kikuu, na alikuwa akifanya utafiti kwa niaba ya mradi mmoja wa maji. Alikuja na hijabu yake, gambuti zake, na heshima nyingi kuliko watoto wetu wenyewe. Mama mkwe alimpenda siku ya kwanza.

Mto wetu wa Kwa Kimeu, upande ule wa Kithimani, ni mto wa jina tu. Mvua ikinyesha unavuma siku chache, kisha unabaki mchanga mtupu, na maji unayafuata chini kwa jembe na kata. Ndiyo maana tulijenga ukuta wa saruji kukatiza mto, ili mchanga ujikusanye nyuma yake na uyashike maji. Tuliujenga kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja, ambayo kwetu ina sheria moja kubwa: hakuna anayekuja mikono mitupu. Mwenye nguvu hubeba jiwe kubwa, aliyechoka hubeba dogo, na ajuza hubeba hata kokoto, mradi asionekane amekaa.

Nyuma ya ukuta huo Firdaus alizamisha bomba jembamba la plastiki, lenye matundu chini na kifuniko juu. Kila mwisho wa mwezi alikuja akafungua kifuniko, akateremsha utepe wenye kifaa kwenye ncha yake. Kifaa kikigusa maji, kinalia. Kikilia mapema, maji yako juu, kikikawia, yameshuka. Anaandika, anafunga, anapanda kwa mama mkwe kunywa chai.

Mambo yaliharibika mwaka ule mvua ya vuli ilipotupita kando. Firdaus aliteremsha utepe, akauteremsha tena, kifaa kikanyamaza mpaka karibu na mwisho wa bomba. Alipoinua uso, mama mkwe akauona umekunjamana.

"Yameshuka vibaya sana, susu," Firdaus alimwambia. Susu kwetu ni nyanya, na msichana wa watu alikuwa amejifunza neno hilo kwa ajili yake.

Basi chai haikunyweka siku hiyo. Mama mkwe alikwenda moja kwa moja kwa Maundu, mwashi wetu na mwenyekiti wa mwethya, akamwambia yule mtoto atafukuzwa kazi kwa sababu ya bomba letu. Maundu naye alikuwa na hofu yake. Miaka ya nyuma shirika moja lilituletea mbuzi wa maziwa. Mbuzi wakafa, wageni wakapiga picha mizoga, wakawasha gari, hatukuwaona tena. Wenzetu wa Kalukuni, kijiji cha ng'ambo ya kilima, mbuzi wao walizaa, na wageni hao hao wakawaongezea mizinga ya nyuki. Maundu akawa amejifunza somo lake: mgeni huongezea palipofaulu. Mwenye nacho huongezewa, si ni Maandiko hayo?

Kwa hiyo mwethya ukaitwa. Alfajiri ya siku ya Firdaus kuja, wanawake wa Kwa Kimeu walipanga mstari mtoni, kila mmoja na kikombe chake, kila mmoja akamimina kidogo ndani ya bomba. Lilikuwa bomba jembamba, halikuhitaji mengi. Chini yake tope lilikuwa limeziba matundu, kwa hiyo maji hayakukimbilia mchangani, yalikaa humo humo kutwa yakimsubiri mwenyewe. Alipofika, kifaa kililia mapema. Akafurahi mpaka akapiga makofi. Mama mkwe akamkaribisha chai.

Wakaendelea hivyo mwezi baada ya mwezi, ukame ukizidi kukaza. Hata Ramadhani Firdaus alikuja amefunga, akakaa kivulini bila kugusa kitu, na mama mkwe alisikitika hivi kwamba mwezi uliofuata aliongeza kikombe cha pili.

Mimi wakati huo nilikuwa Matuu nikiuza maembe. Niliporudi nyumbani msimu ulipoisha, nilimkuta mama mkwe anachuja maji ya kunywa kwa kitambaa, na kikombe kimoja amekitenga pembeni, amekifunika kwa kisahani.

"Hiyo ni ya nani, mwaitu?" nikamuuliza. Mwaitu kwetu ni mama.

"Ni ya paipu. Firdaus anakuja kesho."

Akanieleza yote, bila haya, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika isyo ya mahindi na maharagwe.

"Mnamwaga maji ya kunywa ndani ya paipu? Na watoto wanaenda shule bila kuoga?"

"Kamanthe, ni kikombe tu. Kila mtu analeta kikombe."

"Na yeye anajua?"

"Aambiwe ya nini? Mgeni haambiwi chumvi imeisha jikoni."

Niligomba. Lakini nitasema kweli, niligombea maji yaliyomwagwa, si kipimo. Nani aliwahi kutueleza kwamba lile bomba ni kinywa chetu, na kwamba tulikuwa tukikijaza uongo? Firdaus alitufundisha kutochezea kifuniko, kutofunga punda karibu, kutochimba kando yake. Alitufundisha yote ya kulilinda bomba. Kwamba matokeo yake yatakuja kuamua nani anywe na nani asinywe, hilo alilibakiza mjini.

Kisha tukaitwa Machakos. Mradi ulikuwa na pesa za kuchimba kisima kirefu kimoja, na vijiji viwili vilikuwa vikifikiriwa, sisi na Kalukuni. Maundu aliazima koti. Mama mkwe alivaa leso yake mpya. Nami nikafuatana nao, maana mama mkwe magoti yanamsumbua. Njiani hawakuzungumza lingine ila kisima kitawekwa wapi, karibu na shule au karibu na soko.

Ukumbini tulipewa soda na viti vya mbele. Bwana Kitheka, msimamizi wa mradi, alisimama mbele ya ukuta uliomulikwa picha yenye mistari miwili. Mmoja ulikuwa ukishuka tangu mvua ilipokosekana, ukashuka tu mpaka chini kabisa. Mwingine ulishuka kidogo pale mwanzoni, kisha ukapanda ukatulia juu, umenyooka.

"Huu unaoanguka ni Kalukuni," akasema. "Na huu mwingine, mabibi na mabwana, ni Kwa Kimeu. Ukame wote huu, na maji yao hayajatetereka! Hii ndiyo faida ya kazi ya mikono ya wananchi. Tafadhali tuwapigie makofi."

Ukumbi ukapiga makofi. Maundu alisimama, akainama, akapunga mkono. Mama mkwe alinifinya paja kwa furaha. Kule pembeni Firdaus alikuwa akitabasamu, na tabasamu lake lilikuwa la kweli, jambo linaloniuma mpaka leo.

Watu wa Kwa Kimeu wakapewa cheti. Kimeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba sisi ni kijiji cha mfano katika kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Maundu alikipokea kwa mikono miwili.

"Kwa hivyo," Bwana Kitheka akaendelea, "kwa kufuata takwimu, kisima kinaenda Kalukuni."

Maundu alibaki amesimama na cheti chake. Nadhani alingoja sentensi nyingine. Hakuna iliyokuja, ila watu wa Kalukuni wakishangilia nyuma yetu, na vigelegele.

Tulitoka nje. Firdaus akatufuata mbio, bado ana furaha.

"Susu, hongera! Mmeona vile mmefanya vizuri?"

Mama mkwe alimshika mkono. "Mwana wakwa," akamwambia, "kisima kimeenda kwa wengine juu ya vile sisi tumefanya vizuri?"

"Kimeenda kwa wale hawana maji, susu. Nyinyi mko nayo."

"Hatuna maji."

"Lakini paipu..."

"Ya paipu tulikuwa tunaweka sisi."

Sijui kama mtu anaweza kuona elimu ikimtoka mtu mwilini, lakini mimi niliona kitu kikimtoka yule msichana. Akauliza tangu lini. Mama mkwe akamwambia: tangu ile siku ulinuna. Akauliza kwa nini, na hapo mama mkwe akaanza kulia, kwa sababu jibu lilikuwa yeye mwenyewe Firdaus, na hakutaka kumtwika mzigo huo.

"Si mngeniambia tu," Firdaus akasema.

Hapo nikashindwa kujizuia.

"Si wewe ndiye ungetuambia? Miezi yote hiyo unakunywa chai kwetu! Ungesema unatafuta kiu, tungekuonyesha kiu. Iko mingi. Sisi tulidhani unatafuta maji."

Maundu akanishika mkono ninyamaze. Sikunyamaza. Nikamuuliza kama aliwahi hata siku moja kuchungulia chini ya lile bomba aone limeziba, kama aliwahi kumuuliza mwanamke yeyote anachota wapi na saa ngapi. Firdaus alikuwa akilia naye sasa, na watu walikuwa wanatutazama, ajuza wa Kikamba na binti wa Kiislamu wakilia mbele ya jengo la mkutano, na mzee kati yao amekumbatia cheti.

Nitampa haki yake. Hakujificha. Alifuta uso akarudi ndani tukiwa naye, akamwambia Bwana Kitheka mbele yetu kwamba takwimu za Kwa Kimeu si sahihi na kosa ni lake. Bwana Kitheka alifunga mlango wa ofisi.

"Unajua unasema nini?" akamuuliza. "Kama za Kwa Kimeu ni uongo, za Kalukuni nitaaminije? Na za vijiji vingine vyote umepima? Hiyo kazi yako yote ni ya kutupwa."

"Itupwe," Firdaus akasema. "Lakini hawa watu hawana maji."

"Inawezekana. Lakini siwezi kupeleka mashine mahali kwa sababu mtu analia. Nahitaji vipimo. Mpime upya, misimu miwili ya mvua, halafu tutaangalia."

"Misimu miwili tutakunywa nini?" nikauliza.

Akanitazama, kisha akakitazama kile cheti mkononi mwa Maundu. Hakuwa mtu mbaya, nadhani. Alikuwa mtu mwenye karatasi, na karatasi zilimwambia tumeshiba.

Mashine ya kuchimba ilipita kwetu, maana barabara ya Kalukuni inapita kwetu. Ilivunja kingo za shamba la Maundu ikikata kona. Kule ng'ambo walipata maji matamu, na siwachukii. Nao walikuwa na kiu, nao mistari yao ilishuka kihalali. Wanatuuzia kwa bei ya jirani. Lakini ni mbali, na kuna kilima katikati, na magoti ya mama mkwe ni yale yale.

Firdaus alifukuzwa katika utafiti ule. Nilidhani hatutamwona tena, kwa sababu nimezoea magari yanayowashwa. Lakini mwisho wa mwezi alikuja, kwa bodaboda, kwa nauli ya baba yake, amebeba fimbo ndefu, brashi na utepe wa kuazima. Kutwa nzima alilisugua lile bomba ndani, akatoa tope. Wanawake walikaa kingoni kumtazama, na hakuna aliyekuwa na kikombe. Maundu hakuja. Tangu siku ile ya makofi haji mikutanoni, na cheti hatujui alikokiweka.

Bomba lilipokuwa safi, Firdaus akateremsha utepe. Ulishuka, ukashuka, ukafika mwisho ukalegea. Kifaa hakikulia. Akangoja. Akauvuta, akaupangusa kwa pindo la hijabu yake, akauteremsha mara nyingine, na palikuwa na ukimya tu, na nzi.

Akaandika. Mama mkwe, asiyejua kusoma, aliinama juu ya bega lake akaitazama ile alama ya mviringo.

"Hiyo umeandika ni nini?"

"Sufuri, susu."

"Sufuri ni nzuri ama ni mbaya?"

Firdaus alifunika kalamu yake. "Ni nzuri," akasema mwishowe. "Ya leo ni nzuri. Ni ya ukweli."

"Basi leo tumefaulu," mama mkwe akasema, akauchukua mtungi wake mtupu, akashika njia ya Kalukuni.