Hasara Bado Inaendelea

Jumanne saa mbili asubuhi Generosa alivuka barabara na sufuria bovu mkononi, akachutama mbele ya duka la vitenge la Asmahani lililokuwa likiungua, akachagua makaa mawili mazuri.

"Mwakeye, mama Rabia," alimsalimu Asmahani kwa Kiha.

"Mwakeye. Ongeza na la tatu, hayo mawili yatakuzimikia njiani."

Duka lilikuwa linaungua mwaka wa nne sasa. Moto wake haukuwa na makuu. Haukumgusa kinyozi wa kushoto wala duka la dawa la kulia, na mvua za Kibondo zilipita juu yake zikaenda zao. Majirani walichukua makaa wakachemshia maharage. Mwezi wa sita baridi ilipokaza, walimu waliohamishiwa huku kutoka mikoa ya joto walikuja kupasha mikono joto kabla ya kengele. Hakuna aliyekaa zaidi ya dakika kumi.

Aliyekaa ni Asmahani, kwenye kiti cha plastiki. Mkataba wake wa bima ulikuwa na sharti kwamba mwenye mali asiondoke penye tukio hadi tathmini ikamilike, la sivyo madai yake yanafutwa. Bintiye wa pekee, Rabia, aliolewa Pangani na akajifungulia Pangani. Mara mbili mama yake alikata tiketi ya basi, mara mbili akairudisha. Alikuwa mpweke, na hilo halina namna nzuri ya kulisema.

Kila baada ya miezi mitatu Venanti, mtathmini wa kampuni, alikuja kutoka Kasulu na futikamba. Alipima moto urefu na upana, akaandika yaleyale: hasara bado inaendelea, haiwezi kukadiriwa.

"Lakini mwanangu, vitenge viliisha siku ya kwanza."

"Vitenge sawa, mama. Moto ndio haujaisha."

Asmahani akapeleka malalamiko kwa wasimamizi wa bima. Walikuja wawili, wakaota moto, wakasoma karatasi zote, na haki wakaiona. Kampuni ilipigwa faini kwa kuchelewesha madai, ikaamriwa imlipe mama huyu thamani ya duka na fidia ya usumbufu. Faini ililipwa siku ileile, tena kwa bashasha. Kuhusu malipo ya Asmahani, kampuni ilimwandikia barua ya heshima kwamba iko tayari kabisa, mara tu tathmini itakapokamilika. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ila hayo matumbo hayakuwa ya Kasulu.

Venanti alirudi mwezi uliofuata. Safari hii alihesabu pia watu waliokuja kuchukua makaa, akaeleza kwamba moto wenye faida utabidi upunguzwe kwenye hasara. Alisikitika kweli. Kisha akawahi basi.

Jioni Rabia alipiga simu ya video. Mwanawe, Mwamvua, akaishika mwenyewe.

"Bibi, unapika nini?"

"Sipiki, mjukuu wangu. Namngoja mtu aje apime moto."

"Mimi mama kanipima jana, mlangoni. Nimefika hapa."

Akainua mkono kuonyesha, lakini mkono ukatoka nje ya picha. Asmahani alisogeza simu karibu na macho, akaona paji la uso na kipande cha ukuta.

"Umekua sana," akamwambia.