Koti Lisilonuka

Kwa miaka ishirini na sita fundi wa maabara aliloweka vipande vya nyama za wagonjwa kwenye fomalini, visioze kabla daktari hajavitazama kwa hadubini. Dawa ilifanya kazi yake vizuri mno: hata pua ya mzee ilikufa ganzi. Wenye pua walikuwa wengine. Tangu awe mjane, mwanawe alimtembelea kila mwisho wa mwezi na mke na mtoto, wakakaa kidogo, huku mkamwana akimvuta mtoto kando. "Babu ananuka dawa, mwanangu. Macho yatakuwasha." Mtoto alikuwa na miaka minne, na babu alikuwa hajawahi kumpakata hata siku moja.

Kwa hiyo wakubwa walipotaka dawa iliyo salama zaidi, alijitosa mzima mzima. Wenzake walidhani anahofia mapafu yake. Wacha wadhani. Alinunua figo ya mbuzi buchani, akaikata vipande, vingine akavitia kwenye fomalini, vingine kwenye dawa mpya ya spiriti. Juu ya chupa aliandika namba tu, daktari asijue kipi ni kipi.

Mara ya kwanza dawa mpya ilifeli. Kingo za vipande zilisinyaa, daktari akatikisa kichwa. Mzee alikaa peke yake na kalamu mkononi. Kubadilisha namba mbili tu, nani angejua? Lakini siku moja mtu angeambiwa yuko salama kumbe ana saratani. Akarudi buchani. Safari hii alikata vyembamba, akapunguza saa za kuloweka.

Daktari alitazama weee. "Namba tatu ndiyo safi kuliko zote. Fomalini hii, au sio?"

"Hapana, daktari. Ni ile mpya."

Madumu ya fomalini yakaondolewa. Mzee alifua koti na mashati yote, na kwa kuwa pua yake haikuwa ya kutegemewa, alimwomba mama wa usafi amnuse bega.

"Sabuni tupu, mzee wangu. Unaoa?"

"Nina wageni," akasema, na aibu ikamshika.

Walipokuja, mkamwana alivuta pumzi, akatabasamu. "Kweli baba, hakuna harufu." Akamsukuma mtoto taratibu. "Nenda kwa babu."

Mtoto aling'ang'ania sketi ya mama yake. "Huyu si babu. Babu yuko nyumbani."

Mwanawe akatazama sakafu. Baba mkwe wake, babu wa upande wa mama, alikuwa amehamia kwao tangu mwaka juzi, na hakuna aliyewahi kumtajia mzee hilo.

"Tulimpa baba yangu chumba cha nyuma," mkamwana akasema. "Tuliona wewe una kazi yako, baba."

Ilimuuma mzee. Miaka yote hiyo alikuwa akiilaumu dawa.

"Ni vizuri," akasema, "mtoto kuwa na babu karibu."