Daftari la Makosa Lisilo na Kosa

Mkurugenzi wetu tulimbandika jina la Pasi, kwa sababu hakuna alichokichukia duniani kama makunyanzi. Kwa hiyo barua ilipofika kwamba mkaguzi kutoka nchi jirani angekuja kutukagua kwa siku mbili, tulijua sote tutapigwa pasi.

Ofisi yetu ni ndogo: watu watano, vyumba vitatu, na chumba cha nne cha kompyuta chenye baridi ya mochwari. Tunatoa vyeti vya kidijitali vya kazi. Fundi umeme, dereva, mkunga, kila mmoja ana cheti chake ndani ya simu, na mwajiri akikisoma anaona rangi ya kijani: huyu ndiye, na amefuzu. Tatizo, ukivuka mpaka kijani chetu kinageuka kijivu. Nchi zetu mbili zilishaandika mapatano kwamba kila moja itaamini vyeti vya mwenzake, lakini sahihi ya mwisho ilisubiri ripoti ya mkaguzi huyo.

Niliisubiri kuliko wote. Mdogo wangu ni mkunga. Mumewe alipata kazi ng'ambo ya mpaka, akatangulia, na hospitali ya huko ikamwambia mdogo wangu waziwazi aje na cheti wanachoweza kukisoma. Kwa miaka miwili alikuwa anaishi kwangu, na ndoa yake inaishi kwenye simu.

Sasa, daftari. Tangu ofisi ifunguliwe tuna desturi yetu: ukikosea, unaandika mwenyewe, kwa mkono wako. Kosa gani, limegunduliwaje, na tumefanya nini lisirudi. Hakuna kufuta wala kuchana ukurasa. Baada ya miaka minne daftari lilikuwa limechakaa, lina madoa ya chai na mwandiko wa watu wenye hasira. Pasi alilitazama kama mtu aliyeona panya mezani.

"Mgeni hawezi kuoneshwa takataka hii," alisema.

Akampa daftari jipya mwenzetu mwenye hati nzuri, tunayemwita Mwandiko, pamoja na siku tatu za kunakili. Makosa makubwa yaachwe, madogo yaandikwe vizuri.

Mimi si mtu wa kunyamaza, waulize wanaonijua. Siku ile nilinyamaza. Ukurasa wa kwanza kuachwa ulikuwa wangu, na kusema kweli nilifarijika. Halafu nikajiambia kwamba nanyamaza kwa ajili ya mdogo wangu, jambo ambalo lilinipendeza zaidi.

Mkaguzi alikuja: mwanamke wa makamo, viatu vya raba, begi mgongoni. Siku ya kwanza yote alishinda kwenye chumba cha kompyuta, amejifunika koti aliloazimwa na Pasi. Alilirudisha limekunjamana, na Pasi akatabasamu kwa taabu.

Jioni, mezani, mdogo wangu alinitazama. "Dada, mbona unakula kama unaadhibiwa?"

Nikamweleza yote. Alianza kwa kucheka.

"Daftari la makosa lisilo na kosa? Si mngemwonesha karatasi tupu tu."

"Usicheke. Ni wewe ninayekufikiria."

"Usinisingizie mimi, dada." Hapo hakuwa anacheka tena. "Wodini nikikosea dozi, naandika. Nisipoandika, mwenzangu wa zamu inayofuata atajikwaa palepale. Mficha uchi hazai, na hiyo mimi naijua kikazi."

"Na mapatano yakivunjika?"

"Nitalia." Alichezea kijiko. " Sitakudanganya kwamba sitalia."

Kesho yake mkaguzi aliomba daftari. Pasi akamkabidhi lile jipya kwa mikono miwili. Alifunua kurasa polepole, moja baada ya nyingine, mpaka nikatamani apige chafya tu tupate kelele.

"Miaka minne, kalamu moja," alisema. "Kalamu hii mnainunua wapi?"

Mwandiko akaangalia dari.

"Na kosa kubwa kuliko yote ni karatasi kukwama kwenye printa."

"Tunajitahidi sana," alisema Pasi.

"Naona."

Alilifunga, akalisogeza pembeni kwa adabu, akavuta ripoti yake na kuanza kuandika. Adabu ile ndiyo iliyonitisha. Angegomba ningepumua. Nilimwona mdogo wangu akikaa kwangu miaka mingine miwili, na safari hii si kwa sababu ya mpaka bali kwa sababu yetu sisi, watu wazima watano tulioogopa madoa ya chai.

"Kuna jingine," nikasema.

"Keti," alisema Pasi bila kufungua meno.

Sikuketi. Nilikwenda kwenye kabati, nikalitoa daftari la zamani, na nikamfungulia mkaguzi ukurasa wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika kwamba mafundi umeme wawili walilingana majina yote matatu na mwaka wa kuzaliwa. Mmoja alifaulu mtihani, mwingine alifeli. Nami nilimpa cheti aliyefeli. Alitembea nacho siku kumi na moja, akatandaza nyaya kwenye nyumba ya watu.

Mkaguzi alisoma mara mbili. "Aligundua nani?"

"Mimi."

"Kuna aliyelalamika?"

"Hakuna aliyejua. Nilikuwa napitia orodha ya wiki. Nilifuta cheti saa ileile, nikaenda kwenye ile nyumba na fundi mwingine, nyaya zikatandazwa upya. Tangu hapo hatutoi cheti mpaka watu wawili walinganishe picha, kila mmoja peke yake." Sikuishia hapo. "Watoto watatu walikuwa wanalala chumba kile. Naona aibu mpaka leo."

Mkaguzi akaweka kalamu chini.

"Mashine zenu nimeziona jana, ni nzuri. Hata zetu ni nzuri. Lakini cheti kikija na walakini, mimi sitapigia mashine simu. Nilitaka kujua nani atapokea, na kama ataniambia ukweli." Akamgeukia Pasi. "Hili jipya nalo nitaliandika kwenye ripoti, mzee wangu. Sina namna."

Nilidhani Pasi atapasuka. Badala yake alivuta daftari la zamani, akatafuta ukurasa mtupu, akaandika kwa mkono wake kwamba yeye, mkurugenzi, aliamuru kumbukumbu zisafishwe. Kola ya shati ilikuwa imeloa jasho na kukunjamana, na siku ile nilimheshimu kuliko siku zote nilizofanya naye kazi.

Mapatano yalitiwa sahihi baada ya wiki saba. Cheti cha mdogo wangu kilipokuja kupitishwa upya kwa ajili ya ng'ambo nililazimika kutoka nje ya chumba, kwani kanuni haziruhusu ndugu kugusa cheti cha ndugu. Mwandiko na mwenzake walilinganisha picha, nami nikazunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mdogo wangu alifunga mizigo siku mbili tu. Mtu aliyesubiri miaka miwili hana vitu vingi vya kukunja. Alinikumbatia mlangoni, akaniambia nile vizuri, akaondoka akiwa karibu kukimbia.

Alinipigia simu jioni ya siku ya tatu.

"Dada, imesoma kijani! Wala hawakuniuliza swali la pili. Kesho naanza zamu ya asubuhi."

Nyuma yake nilimsikia shemeji akicheka, na kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu aondoke. Nilifurahi, Mungu anajua nilifurahi. Pia nilikuwa nimesimama katikati ya sebule nikiangalia kochi alilokuwa analalia mdogo wangu. Nilitaka kumwambia kwamba nyumba imekuwa kubwa mno.

"Vaa viatu vya chini," nikamwambia. "Zamu ya kwanza huwa ndefu."