Msiba wa Guku

Donatus Masele alimwokota kobe barabarani siku ya mvua, alipokuwa akirudi na lori lake la semi, tupu, kutoka Kigali. Karibu na Ushirombo aliona kitu kama jiwe katikati ya lami, akakanyaga breki, na lile jiwe likatoa kichwa likamtazama. Utingo wake alicheka mpaka akashika mbavu alivyomwona bosi wake, mtu mwenye mabega kama kabati, akishuka kwenye mvua na kumbeba kobe kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi. Alikusudia kumwacha kwenye majani ng'ambo ya pili. Lakini ng'ambo ya pili majani yalikuwa yamefyekwa, halafu kulikuwa na mbwa, halafu mvua ikazidi. Kobe akapanda kabini. Kesho yake jioni alikuwa Ngokolo, mjini Shinyanga, akila nyanya chini ya meza ya Philomena.

"Wenzio wakisafiri huleta vitenge," Philomena alimwambia mumewe.

Nelly, binti yao wa pekee, wakati huo alikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Aliitazama ile shingo ya makunyanzi na yale macho ya usingizi, akasema kobe anafanana na guku. Guku kwa Kisukuma ni babu. Jina likaganda.

Miaka ikaenda. Nelly akakua, akaolewa, akazaa, akahamia Katoro anakouza nguo za watoto sokoni. Macho ya Donatus yakaanza kuingia ukungu, daktari akamwambia barabara basi. Mtu aliyezoea kulala Isaka leo na kuamkia mpakani kesho akajikuta kwenye kiti cha plastiki, anatazama ukuta. Guku ndiye aliyemwinua pale. Kila asubuhi kobe aligonga mlango wa jiko kwa gamba lake, ko, ko, ko, mpaka apelekewe maganda ya papai. Akishashiba huanza kuzunguka ua, na Donatus nyuma yake, mikono mgongoni.

"Hapa hakuna trafiki wala mizani," Donatus aliwaambia wageni. "Tunakwenda tu."

Kila mtu alimwambia kobe huishi miaka mia, naye akaamini. Hofu yake ilikuwa nani atamtunza Guku siku yeye mwenyewe atakapokufa. Krismasi iliyopita alimweka Nelly chini mbele ya mama yake. "Nikiondoka, Guku aende Katoro. Lakini asipandishwe bodaboda, hapendi kelele." Nelly akaapa.

Basi Jumamosi moja mlango wa jiko uliponyamaza, hakuna aliyewaza kifo. Philomena alidhani kobe amelala. Donatus alitoka na maganda yake mkononi, akamkuta kando ya simtanki la maji, shingo nje, kichwa kimelala kwenye udongo, na sisimizi wameshaanza msafara. Alimwita. Akamsogezea papai puani. Kisha akaketi kwenye tope na suruali yake safi.

Juliana, daktari wa mifugo aliyeishi mtaa wa pili, aliitwa akaja na buti zake. Alimgeuza kobe, akampapasa, akatikisa kichwa.

"Baba Nelly, ng'ombe nawajua, mbuzi nawajua, kuku ndiyo usiseme. Kobe sikufundishwa. Labda ni baridi ya juzi. Labda uzee."

"Uzee gani? Si miaka mia?"

"Sawa. Na ulipomwokota alikuwa na mingapi?"

Miaka yote ile Donatus alikuwa amehesabu kuanzia Ushirombo, kana kwamba kobe alizaliwa siku ile pale kwenye lami.

Juliana alipoondoka, Donatus alichukua jembe. "Nitamzika nyuma ya choo cha zamani," alimwambia mkewe. "Na tafadhali, Mama Nelly, yasitoke nje. Mimi, dereva wa semi, niseme nini kwa watu? Kwamba nalilia kobe?"

Philomena alikubali. Lakini Nelly si watu wa nje. Akampigia simu Katoro, akamwambia kwa sauti ya pole, "Mwanangu, Guku ametutoka." Nelly akalia palepale katikati ya magauni ya watoto, maana alikuwa amekua na yule kobe. Alipojifuta machozi akaweka picha ya mshumaa kwenye status ya simu yake, ambako marafiki na ndugu wote wangeiona, na chini yake akaandika: *Guku wetu umeondoka bila kuaga. Nyumba ya Ngokolo haitakuwa ile tena.*

Yeye aliwaza kobe. Lakini kila Msukuma aliyesoma aliwaza babu, na mwanamume mwenye wajukuu katika nyumba ya Ngokolo alikuwa mmoja tu.

Jua halijapanda sana, Paskazia, kiongozi wa jumuiya ya kanisa pale mtaani, aliingia getini na kundi la akina mama waliojifunga khanga viunoni. Mmoja amebeba gunia la mchele, mwingine kuni, Paskazia mwenyewe sufuria kubwa ya jumuiya kichwani. Nyuma yao vijana walikokota turubai. Philomena alitoka jikoni, macho mekundu, maana na yeye alikuwa amelia kidogo kwa siri. Alipowaona akadhani mumewe ameshindwa kunyamaza. Moyo ukamjaa.

"Jamani, mmekuja! Kwa ajili ya Guku wetu tu?"

"Tungeachaje, Mama Nelly?" Paskazia akamkumbatia kwa mkono mmoja, wa pili umeshika sufuria. "Pole sana. Aliugua?"

"Hata! Jana amekula vizuri, akazunguka ua. Asubuhi tumemkuta kando ya simtanki, amelala kifudifudi."

Akina mama wakaangua kilio. "Yesu wangu! Na mwili uko wapi? Hospitali?"

"Hospitali ya nini? Upo jikoni, kwenye beseni."

Kilio kikakatika. Wakatazamana.

"Beseni?" Paskazia aliuliza polepole.

"Lile la bluu. Baba Nelly anamalizia kuchimba kaburi, yuko huko nyuma."

"Baba Nelly yupi?"

Kabla Philomena hajajibu, Donatus alitokea kwenye kona ya nyumba kuangalia kelele ni za nini, jembe begani, udongo mpaka kwenye nyusi. Paskazia alipiga yowe ambalo lilisikika mpaka sokoni. Sufuria ikaanguka, ikabingirika ua mzima ikilia kama kengele, na vijana wa turubai wakamkimbia mtu waliyekuja kumzika. Mama mmoja alipiga magoti akaanza kusali Baba Yetu, akairuka mistari miwili.

"Kuna nini?" Donatus aliuliza. "Nani kafa?"

"Wewe!" wakajibu kwa pamoja.

Ilichukua muda kueleweka. Beseni la bluu likatolewa jikoni, likafunuliwa, na wote wakainama kutazama. Kisha Paskazia alianza kutetemeka mabega. Alijaribu kujizuia, akaziba mdomo kwa khanga, haikufaa kitu. Kicheko kikamtoka, kikawashika wengine mmoja mmoja, mpaka wakaegemeana. Ni Donatus peke yake hakucheka. Alisimama na jembe lake, masikio yanawaka. Lile aliloliogopa limetokea, tena mbele ya jumuiya nzima.

"Basi, asanteni," alisema. "Mmeona sijafa. Rudini makwenu."

Paskazia akajifuta machozi. "Tutarudi, Baba Nelly, lakini mchele umeshaingia uani. Na huyu mzee si wako peke yako. Mwanangu wa mwisho alikataa kutembea mpaka alipomwona Guku akitembea. Alimfuata kwa mikono na magoti, akasimama ili ampite. Unataka nikapike wapi leo?"

Mwingine akakumbuka mwaka ambao Guku alipotea, akakutwa kanisani chini ya benchi la kwaya. Kijana mmoja wa turubai, aliyekuwa amerudi kwa kunyata, akasema kwamba alipokuwa mdogo alimkalia kobe akidhani ni kigoda, akabebwa hadi kwenye tuta la mboga za mgagani. Donatus alisikiliza. Mambo mengine hakuyajua kabisa. Kumbe alipokuwa safarini kobe alikuwa na maisha yake. Taratibu jembe likashuka begani.

Turubai likafungwa. Moto ukawashwa. Simu ya Philomena haikupumzika: Nelly, ambaye wachuuzi wenzake wa Katoro walikuwa wameshamfunga khanga kichwani na kumkalisha mkekani, alikuwa njiani anakuja, analia na kucheka kwa zamu, huku akimpigia kila ndugu kumweleza ukweli. Aliwapata karibu wote. Aliyemkosa ni baba yake mdogo, Mwigulu.

Mwigulu, mdogo wake Donatus, alifanya kazi Isaka kwenye bandari kavu, akipanga shehena za malori. Ndugu hawa walikuwa hawajasemezana tangu sherehe ya kumuaga Nelly alipoolewa. Siku ile Mwigulu alikuwa ameandaa nasaha kwa bibi harusi, mshereheshaji akasahau kumwita, naye Donatus hakumkumbusha. Mwigulu aliondoka chakula hakijaletwa. Toka hapo kila mmoja alisubiri mwenzake aanze.

Pikapu yake ilifunga breki getini mchana. Alishuka na suti nyeusi, uso umelowa, haoni mbele. Alimrukia mtu wa kwanza aliyekutana naye, akamwangukia shingoni.

"Kaka yangu!" alilia. "Kaka yangu amekwenda, na sikumsemesha!"

Yule mtu alijaribu kupumua. Kisha akasema, "Mwigulu. Unanikaba."

Mwigulu aliijua ile sauti. Alirudi nyuma hatua moja, akamtazama kaka yake juu mpaka chini, akamgusa kifua kwa kidole kana kwamba anajaribu rangi mbichi. Halafu akampiga ngumi ya bega, halafu akamkumbatia tena kwa nguvu zaidi.

"Nimekuomba msamaha kutoka Isaka mpaka hapa," alisema. "Njia nzima naongea peke yangu kama mwehu. Umenisikia, au nirudie?"

"Rudia," Donatus alisema. "Ukimaliza na mimi nina langu."

Hakuna aliyejua waliambiana nini, maana walikwenda kusimama nyuma ya pikapu, na Paskazia, ambaye angependa sana kujua, alikuwa amebanwa na kupika wali. Walirudi macho yote manne mekundu. Mwigulu akauliza, sasa kama si wewe, nani amekufa? Akaonyeshwa beseni. Akalitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye aliyekula kamba za kiatu changu," alisema, akavua koti la suti.

Nelly alipofika walikuwa wanamsubiri yeye. Guku alizikwa jioni, jua likiwa bado juu ya paa, kaburi likiwa limepanuliwa kwa sababu kila mwanamume aliyepita alilichimba kidogo. Paskazia akasema kusali misa si mahali pake, ila kumshukuru Mungu kwa viumbe vyake hakuna anayemzuia, akashukuru kwa maneno machache mazuri. Kisha wote wakamtazama Donatus.

Alikohoa. "Nilimtoa barabarani nikidhani nimemwokoa," alisema. "Barabara iliponitoa mimi, yeye ndiye..." Machozi yakamtiririka mbele ya jumuiya, ya vijana wa turubai na ya mdogo wake, na ajabu ni kwamba hakuna aliyecheka. Philomena alimpa ncha ya khanga yake. Donatus akapenga kamasi kwa kishindo, na hapo ndipo walipocheka, naye pamoja nao.

Wali uliliwa mpaka ukoko.

Siku zilizofuata zilikuwa na mashimo yake. Asubuhi Donatus aliamka, akamenya papai, akabaki na maganda mkononi katikati ya jiko. Philomena aliyapokea, akampelekea mbuzi wa jirani, akarudi akamtilia mumewe chai. Siku nyingine Donatus alisimama kando ya simtanki akatukana sisimizi kwa Kisukuma. Baadaye akawa anasimulia habari za beseni la bluu kwa kila aliyepita getini, na kila mara yowe la Paskazia lilikuwa refu zaidi kuliko mara iliyotangulia.

Mwigulu, aliyekuwa amebaki wiki nzima, alikuja kuaga. "Twende wote Isaka," alisema. "Kaa wiki. Watoto wangu hawakujui. Shemeji yako Justa ameshapigiwa simu, anakaanga samaki."

"Siwezi," Donatus alijibu haraka. "Nani atabaki na..."

Miaka mingi hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila mwaliko, na sasa lilikuwa limebaki nusu. Philomena aliingia ndani, akatoka na begi dogo ambalo bila shaka alikuwa amelipanga tangu jana.

"Shati la Jumapili lipo juu," alisema. "Msalimie Justa."

Waliondoka Shinyanga asubuhi yenye upepo, Mwigulu kwenye usukani, Donatus pembeni yake, dirisha limeshushwa. Lori moja la mizigo likawapita likielekea magharibi, dereva akapiga honi. Donatus hakuweza kumwona sawasawa, lakini aliinua mkono. Mlio wa injini ya pikapu ulianza kumkera. Alivumilia kidogo, akavumilia tena.

"Badilisha gia, Mwigulu."

"Nimeshabadilisha."

"Hiyo ni ya tatu. Gari linalia, husikii?"

"Kaka, mimi ndiye ninayeendesha."

"Ndiyo maana linalia," Donatus alisema, akajinyoosha vizuri kwenye kiti, na Mwigulu, huku akicheka, akaingiza ya nne.