Nafasi Mbili za Mifupa

Mume na mke wakiwania kitu kimoja, hata kupitishiana sukari mezani hugeuka kuwa kazi ya kupimana. Cheche hakuyajua hayo mpaka mwaka ule yeye na mumewe walipoomba masomo ya ubingwa wa mifupa katika hospitali moja.

Jina la Cheche alipewa na wauguzi, kwa sababu alikuwa hakawii kuwaka na hakawii kuzimika. Mumewe walimwita Taratibu. Huyo alishona kidonda kama mtu anayedarizi mto, na wagonjwa walimpenda kwa hilo. Walijuana chuoni, wakaoana, wakapangiwa hospitali ndogo ambako daktari mmoja huzalisha asubuhi, hufunga mkono uliovunjika mchana, na jioni hugombana na fundi wa jenereta. Huko ndiko wote wawili walikoipenda mifupa. Mtu analetwa amebebwa mlangoni, na baada ya muda anaondoka kwa miguu yake. Ni kazi gani nyingine inayokuonyesha matunda yake waziwazi hivyo?

Mjuzi wa mambo katika ukoo alikuwa kaka yake Taratibu, daktari wa usingizi katika Hospitali Kuu. Jumapili moja alikuja kuwapa mbinu. Alivua viatu, akakaa, akajimiminia chai bila kungoja kukaribishwa.

"Sikilizeni. Waombaji ni wengi kama siafu, na pale kwetu mifupa wanachukua wawili tu. Msitegemee maksi, maksi kila mtu anazo. Kwanza ombeni likizo huko kwenu, mje mfanye kazi pale kwetu mwezi mzima kabla ya usaili. Mtu hachagui asiyemjua. Halafu atakayewapendekeza awe mtu aliyewaona mkishika kisu, si mkubwa ambaye hata sura zenu hazikumbuki. Na msiombe hospitali moja peke yake. Ombeni ile ya roho, na nyingine ya kuwasitiri, aibu isije ikawakuta uchi."

"Hayo yote sawa," alisema Cheche.

"Lipo moja halitakufurahisha, shemeji. Msiombe mifupa nyote wawili. Hakuna mtu atakayewapa mume na mke nafasi zote mbili. Mtaangushana bure. Mmoja aende magonjwa ya watoto."

"Na huyo mmoja ni nani?"

"Mimi nimesema mmoja tu."

"Mbona unaniangalia mimi?"

"Naangalia sukari, shemeji, iko upande wako."

Wakacheka wote watatu. Lakini Cheche aliona kwamba mumewe alicheka tu, hakusema lolote. Hakusema, "Kaka, mke wangu haendi popote." Hakusema, "Basi niende mimi." Alikuwa anageuzageuza kikombe, anasubiri kuona upepo utavuma upande gani. Kimya kile kilimkaa Cheche rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Akaomba mifupa. Mumewe naye akaomba mifupa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Wakahamia kwa muda kwenye chumba cha kupanga karibu na Hospitali Kuu, wakaanza ule mwezi wa kujionyesha. Mkuu wa mifupa alikuwa profesa mwanamke, mfupi, mwenye mabega ya mbeba mizigo. Madaktari wadogo walimwita Mama Nyundo, ila kwa kunong'ona. Alikuwa akiingiza chuma ndani ya paja la mtu kwa mapigo machache tu, huku akiuliza habari za nyumbani kwako. Cheche alimpenda siku ile ile ya kwanza.

Wiki ya pili akagundua kuwa ni mjamzito. Alimwambia mumewe wakiwa wanatandika kitanda. Taratibu alikaa juu ya shuka lililokunjwa nusu, akacheka, kisha macho yakamlowa.

"Asijue mtu," Cheche akamwambia. "Mpaka usaili upite. Wakijua wataniona nimeshaondoka kabla sijafika."

"Hata mama?"

"Hata mama. Hata kaka yako."

"Sawa, mke wangu. Yataishia hapa hapa."

Siku chache baadaye Cheche alitoka bafuni akamkuta mumewe barazani, simu sikioni, ananong'ona. Alipomwona akakata.

"Nani?"

"Mtu wa kazini."

Angekuwa anaongea kwa sauti ya kawaida, yangepita. Lakini mtu wa kazini hanong'onewi. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Halafu mchana mmoja akawakuta mumewe na kaka yake wamesimama kwenye korido ya vyumba vya upasuaji, vichwa vimekaribiana. Alipowafikia, shemeji akaanza kusifia hali ya hewa, na korido ile haikuwa na dirisha hata moja.

Ukishaanza kumshuku mtu, hata wema wake hupata harufu. Taratibu alipomletea maji ya ndimu asubuhi kwa sababu ya kichefuchefu, Cheche alijiuliza anamfidia nini. Alipomwambia, "Leo pumzika, nitashika zamu yako," alijiuliza ni nani angemwona mumewe kwenye zamu hiyo. Akawa analala amempa mgongo. Mumewe alidhani ni mimba.

Siku ya usaili Cheche aliitwa mapema, mumewe akiwa amepangiwa mchana. Mezani walikuwa watatu. Mama Nyundo alikaa katikati. Kulia kwake palikuwa na daktari mzee wa upasuaji mwenye miwani minene, mtu mkavu asiyejua kutabasamu, na kushoto karani wa kuandika. Maswali ya kazi yalikwenda vizuri. Cheche alieleza jinsi alivyowahi kuokoa mguu wa dereva kwa vifaa vya kuazima, na hata yule mzee akatikisa kichwa kukubali.

Kisha Mama Nyundo akaweka kalamu chini.

"Kuna mambo sheria hainiruhusu kukuuliza, kwa hiyo sikuulizi. Nakuuliza hivi tu. Masomo yanaanza mwezi wa kwanza. Unadhani utahitaji tukupangie ratiba tofauti katikati ya mwaka?"

Macho yake yakashuka mpaka usawa wa meza, yakapanda tena. Duniani watu wawili tu ndio walioijua siri ile, na mmoja ni yeye mwenyewe.

"Nitafanya kazi kama wengine," alijibu.

"Sijauliza kama utafanya kazi," alisema Mama Nyundo polepole, lakini Cheche hakuwa anasikia tena. Alikuwa anasikia minong'ono ya barazani.

Hapo ndipo mzee wa miwani alipoinama mbele. "Mumeo naye tutamwona leo. Umefanya naye kazi kuliko sisi sote. Ana kasoro gani?"

Lilikuwa swali la mtego, na siku nyingine Cheche angeliruka kwa mzaha, angesema anakoroma. Lakini alikuwa ameshawaka.

"Ana mikono mizuri kuliko yangu," alisema. "Kasoro yake ni kwamba jambo likiwa zito, husubiri mwenzake aamue."

Karani akaandika. Mzee akasema, "Ahaa."

Jioni Taratibu alirudi amebeba viatu mkononi kama mtu aliyetoka matopeni. Akakaa kitandani.

"Wameniuliza kwa nini nasubiri watu waniamulie. Yaani kwa maneno hayo hayo! Mzee wa miwani amenishikilia hapo mpaka nikaanza kugugumia. Mke wangu, kuna mtu amenichongea."

Cheche alikuwa mlangoni pa jiko anamenya kiazi. Hakuinua uso. "Nani?"

"Nani mwingine pale anayenijua tangu utotoni? Ni kaka. Hilo neno amenisema nalo maisha yangu yote."

Alimpigia kaka yake papo hapo, na safari hii hakunong'ona. Maneno waliyorushiana Cheche aliyasikia yote akiwa jikoni, na hakusema kitu. Alijiambia, na yeye aonje. Alijiambia pia kwamba kesho atasema. Kesho ikaja na kesho yake.

Wiki iliyofuata mama mkwe wake alikuja, mwanamke mnene wa maneno mengi, kupatanisha wanawe. Alimkuta Cheche peke yake, akaanza kulalamika hata kabla ya kuvua kanga ya kichwani.

"Huyu mumeo kanibadilikia. Mimi namuuliza lini mjukuu, kosa? Kila nikimpigia ananong'ona kama mwizi. 'Mama, hayo ya mjukuu tuyaache, mke wangu ana usaili, usimtie mawazo.' Nikamtuma kaka yake akamuulize ana kwa ana kama mna tatizo, maana mmoja wenu huenda anahitaji dawa. Naye kaka yake kafukuzwa kama mbwa! Mimi nimezaa watoto au nimezaa milango?"

Cheche akamkatiza. "Hakukuambia chochote, mama?"

"Aniambie nini? Kwani lipo la kuambiwa?"

"Mjukuu yupo, mama."

Kigelegele kilichopigwa kiliwatoa majirani nje. Cheche alisimama katikati ya furaha ile akijiuliza. Kama si mumewe, basi nani?

Majibu yalipotoka, jina lake lilikuwemo. Jina la mumewe halikuwemo. Taratibu alikuwa amepata mifupa katika ile hospitali ya pili, ya kujisitiri, mbali huko safari ya siku nzima. Alimkumbatia mkewe, akampongeza kwa moyo mweupe. Cheche hakuweza kuvumilia. Akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mama Nyundo.

"Profesa, nani alikuambia nina mimba?"

Mama Nyundo alikuwa anakula karanga. Alimtazama kama mtu aliyeulizwa nani alimwambia kumekucha.

"Wiki ya kwanza ulisimama karibu na mashine ya eksirei kama umesimama dukani. Wiki ya pili, mashine ikiguswa tu, wewe umeshatoka nje, na ukirudi unatafuta aproni ya madini ya risasi ya kukinga miale, ile nzito ambayo vijana wote wanaikimbia. Mimi nimezaa wanne nikiwa na nyundo mkononi, mwanangu. Nilikuuliza ili nikupangie kazi za mbali na mashine. Wewe ukaninunia."

Cheche alikaa bila kuambiwa akae. "Na mume wangu?"

"Mumeo nilimtaka. Niliwataka nyote wawili."

"Lakini tuliambiwa hamwezi kuchukua mume na mke."

"Nani kasema? Yule wa usingizi? Yeye ajue kulaza watu." Akapukuta maganda ya karanga. "Mwenzangu wa miwani ndiye aliyeligomea jina la mumeo. Alisema hata mkewe anakiri hawezi kuamua. Ningesemaje? Neno lilitoka kwako."

Nyumbani alimkuta Taratibu anafunga vitabu kwa kamba. Mama mkwe alikuwa ameenda dukani. Cheche alifunga mlango, akasema yote kwa mkupuo, tangu minong'ono ya barazani mpaka kwenye meza ya usaili, kwa sababu alijua akipumua hatamaliza.

Taratibu aliendelea kushika kamba. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Ulichosema ni kweli?" aliuliza mwishowe.

"Naona ni kweli. Lakini sikukisema kwa sababu ni kweli. Nilikisema nikuumize."

"Na mimi nikamtukana kaka yangu, mama yetu akalia, na wewe ulikuwa jikoni unasikia."

"Nilikuwa jikoni."

"Unamenya viazi."

"Samahani, mume wangu."

"Kwa lile neno nimekusamehe tayari," alisema. "Ulinishuku, ukakosea, mtu hukosea. Na mimi nilikudanganya ni mtu wa kazini, hilo langu. Lakini viazi, Cheche. Viazi vile tulivila pamoja."

Hakuwahi kumwita Cheche nyumbani. Lilikuwa jina la wauguzi.

Mchana ule ule alitoka akaenda kumwomba kaka yake radhi. Hakumtaja mkewe. Alisema tu kwamba alikosea, na shemeji, ambaye hakuwa mtu wa kinyongo, akamsamehe na kumwongezea mbinu za kuomba uhamisho mwaka unaofuata. Cheche alimsihi mumewe amwache aende kwa profesa kujieleza, nafasi yake apewe mwingine, aanze upya. Taratibu akakataa. "Tukose wote wawili ndiyo itakuwa haki?"

Mwezi wa kwanza kila mmoja akaanza kwake. Cheche alipangiwa wodi na kliniki, mbali na mashine, kama Mama Nyundo alivyokusudia tangu mwanzo. Mtoto alizaliwa wa kike, katikati ya mwaka. Taratibu alifika kabla ya uchungu kukolea, akamshika mkewe mkono mpaka mwisho, na mama mkwe akahamia kwao kulea. Watu waliowaona walisema hawa ndio mke na mume.

Na kweli walikuwa. Taratibu alikuja kila mapumziko, akaleta zawadi, akaosha nepi. Ila mwaka ulipokwisha Cheche alimuuliza kama ameomba ule uhamisho. Taratibu alikuwa anambembeleza mtoto begani.

"Hapana," alisema. "Huko wananifundisha vizuri. Niliwaambia nitabaki mpaka nimalize."

"Uliwaambia lini?"

"Mwezi uliopita."

Cheche alikumbuka maneno yake kwenye meza ya usaili, kwamba mumewe husubiri mwenzake aamue. Akanyoosha mikono akampokea mtoto.