Kicheko cha Mama Kwenye Madimbwi

Mvua ya masika inapiga bati la ukumbi tunamofundishwa kupiga picha hapa Pangani, nami nimeegemea ukuta, kamera mapajani, namsikia Mwalimu Bendera akisema tungoje, ikikatika tutachagua picha moja ya kutundikwa. Kila mtu anajua itakuwa ipi. Kamera hii tumepewa wawili, mimi na shoga yangu Mwanakombo, na ndani yake imo picha aliyoipiga yeye asubuhi: mama yangu, anayetupikia chai na maandazi hapa hapa, anacheka kichwa nyuma, pengo lote nje. Mama yangu! Mimi kila nikimwelekezea kamera huvuta kanga mdomoni. Usinipige na pengo langu, we Siwema, unataka nichekwe na mji mzima? Mwanakombo akaja mdomo umejaa, akamwambia, mama, kwa maandazi haya nitakuoa mwenyewe, mahari nimpelekee nani? Basi. Mama akaangua kicheko ambacho sijawahi kupewa mimi niliyetoka tumboni mwake. Nafumba macho nisiione tena picha hiyo, na bati linanyamaza.

Niko barabarani. Barabara ni ya Pangani lakini haiishi, nikifika kwenye kona naikuta kona ileile mbele inaningoja, nyumba zote zina milango ya vioo, chini ni madimbwi, na katika kila kioo na kila dimbwi mama anacheka. Hanitazami. Anatazama pembeni yangu kidogo, pale ambapo angesimama Mwanakombo. Nasogea pale, macho yake yanahama. Mbele anatembea mtu mwenye koti la mvua, na anapogeuka, ndani ya kofia ya koti hamna uso, ni weupe tu, kama karatasi ambayo picha yake haijatokea. Namwambia, shikamoo, barabara hii inakwenda wapi? Marahaba, inakwenda anakotoka mwenye wivu. Ndiko wapi huko? Hapa hapa. Nasema, mimi nimemvizia mama jikoni siku zote hizi, subira ninayo, hata jirani anajua, mbona kicheko kampa yeye? Anasema, wewe ulimwendea umeshika nini? Kamera. Na mwenzako? Naitazama kamera. Kashika andazi, anasema. Ah, si haki hiyo, maandazi yake mimi nimekula tangu nilipoota meno! Anacheka bila mdomo. Ukila, unamwangalia mpishi, au unaangalia mwanga umemwangukia vipi?

Kamera iko mkononi, kitufe cha kufuta kiko chini ya kidole gumba, kina joto kama kitu kilicho hai. Nabonyeza. Dimbwi moja linazimika. Nabonyeza tena, na tena, mama mmoja mmoja anazimika hadi barabara yote inakuwa kiza, na raha ninayoisikia ni tamu hata naona aibu kuisema. Limebaki dimbwi la miguuni pangu. Humo mama hacheki. Ananitazama mimi, mimi hasa, kanga mdomoni, anasema, haya mwanangu, umebaki peke yako, nipige basi. Nainua kamera, matone yanaanguka, uso wake unavunjika vipande majini, simpati, simpati.

We Siwema, mate hayo! Nafumbua macho. Mama amesimama mbele yangu na sinia la chai, ananicheka, ananicheka mimi, kanga imemwangukia begani wala haivuti. Mwanakombo ameichukua kamera mapajani mwangu, anabonyezabonyeza, uso umemshuka. Shoga, ile ya asubuhi siioni. Hukuigusa? Mwalimu Bendera anasema, itafute taratibu, itakuwemo. Kama niko macho na picha haimo, basi mkono ulioifuta ni huu. Lakini mama bado anacheka, anacheka akinitazama machoni, na jambo hilo katika dunia yangu halijapata kutokea. Nang'ata ulimi nijue kama bado naota. Unauma. Mama anazidi kucheka.