Drumu Halitoki

Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, wenzangu waliondoka na viti na mapazia. Mimi Felicitas, fundi wa maabara kwa miaka kumi na sita, nilibeba sanduku la kugeuza gesi kuwa umeme, ambalo tajiri mpya aliamuru litupwe. Waliniita mwehu. Waache waniite.

Nikahamia Goba, ambako nguzo za umeme zilikuwa hazijafika. Paneli ya sola juu ya bati iliendesha mashine yangu ya kutotolesha mayai. Jua likizidi, umeme wa ziada uliyapasua maji yakatoa gesi, nami nikaihifadhi kwenye drumu. Wingu likitanda, sanduku liliigeuza gesi ile kuwa umeme tena. Mayai hayakujua kama nje kuna mvua.

Wanawake wa jirani waliniletea mayai yao, kila mmoja kayatia alama yake kwa mkaa.

Projestus, balozi wetu wa nyumba kumi, yeye aliona bomu. Siku ya ishirini na moja, siku ya vifaranga kutoka, masika ikimwaga tangu juzi, alikuja asubuhi na wanaume wawili na spana.

"Sista Felicitas, wiki niliyokupa imekwisha. Drumu linatoka leo. Litatulipua sie wote!"

"Halitoki ng'o! Bomba la kutolea gesi ikizidi nimekuonyesha mara tatu. Jiko lako la mafuta ya taa limeunguza pazia juzi tu, mbona hujalitupa? Nyani haoni kundule."

Wale wanaume walicheka, yeye akavimba. Bila gesi ile, mayai yangepoa kabla ya adhuhuri na vifaranga vingefia ndani ya maganda.

Nikafungua kidogo mlango wa mashine. "Sogea usikilize."

Ndani mlikuwa na vilio vyembamba. Yai moja lilishatoboka, mdomo unachungulia. Kwenye ganda palikuwa na mstari na nukta tatu, alama iliyo kwenye ndoo zote za nyumbani kwa Projestus.

"Hiyo si alama ya Tupokigwe?" aliuliza taratibu. "Mke wangu kaleta mayai huku?"

"Thelathini. Akasema usiambiwe. Koki ya gesi ile pale. Funga mwenyewe, kisha nenda kamweleze."

Aliitazama koki, akalitazama yai. Kisha akatia spana mfukoni.

"Nakupa wiki nyingine."

"Nipe mwaka," nikamjibu, nikafunga mlango wa mashine vifaranga visipigwe na baridi.